Yungiyungi la amani limelala: dalili, visababishi na la kufanya kwa nyumba za Uganda

Anza na kidole. Kabla hujahamisha chungu, kabla hujampigia shehe wala mchungaji, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, uone kama ni mkavu, una unyevu au umekuwa tope. Kisha nyanyua chungu, upime uzito wake kwa mkono. Maswali mengi ninayoulizwa kuhusu yungiyungi la amani (wauzaji wa miche kando ya barabara wanaliita pisi lili tu) huishia hapo.

Nasisitiza kidole kwa sababu mmea huu umebebeshwa mzigo ambao mimea mingine ya sebuleni haibebi. Unapelekwa msibani, unasimamishwa pembeni mwa altare wakati wa Pasaka, bibi harusi anazawadiwa. Kwa hiyo ukilala, mwenye nyumba hawazi maji, anawaza amani imeondoka. Hajati mmoja wa Kibuli aliniuliza kwa simu: "Mwanangu, hili ua limeanguka tangu Ijumaa, na humu ndani kuna maneno maneno. Ni ishara?" Nikamwuliza, "Hajati, samahani, chungu kina tundu chini?" Akashangaa. "Tundu la nini? Si maji yatamwagikia kapeti!" Jibu lilikuwa limeshapatikana, na halikuhusu maneno ya humo ndani.

Maana ya mmea huu siipuuzi, ila inafaa kujua ilikotoka. Kwao ni chini ya miti mikubwa ya misitu ya joto ya Kolombia na Amerika ya Kati. Aina inayojulikana zaidi majumbani, Spathiphyllum wallisii, imebeba jina la Gustav Wallis, Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini akikusanya mimea katika karne ya 19. Kwa ukoo si yungiyungi hata kidogo. Ni ndugu wa magimbi, yale mayuni yanayopikwa Buganda. Weupe wake ndio uliomfanya arithi heshima ya yungiyungi halisi, lile ambalo wachoraji wa Kanisa huko Ulaya walimshikisha malaika Jibrili anapomletea Mariamu habari, na watu wakaona humo pia bendera nyeupe ya kusalimu amri. Uganda ilikuwa na mimea yake ya amani kabla ya huu kufika. Waacholi wanao mti wa oput, na mzizi wake mchungu hunywewa na pande mbili zilizoumizana, baada ya kosa kukiriwa na fidia kutolewa. Yungiyungi letu halijawahi kupewa kazi nzito kama hiyo. Lipe maana utakayo, ila dalili za mizizi usizisome kama ufunuo.

Majani yote yamelala

Hii ndiyo dalili inayowapoteza watu wengi, kwa kuwa visababishi vyake viwili vikubwa vinapingana, na ukikosea dawa unaumaliza mmea.

Udongo ukiwa mkavu na chungu chepesi, mmea una kiu. Hakuna mmea wa ndani unaoidai haki yake waziwazi namna hii. Unajilaza wote kwa mpigo, majani yananing'inia kwenye ukingo wa chungu, mgeni akiingia anakupa pole. Mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, subiri dakika kumi, mwagilia tena, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwa kawaida baada ya saa chache utaukuta umesimama. Ikiwa udongo umekauka mpaka umejitenga na kuta za chungu, maji yatapita pembeni yakatoka bila kulowesha mizizi, na wewe utadhani umemwagilia. Hapo chukua beseni, tumbukiza chungu kizima kwenye maji nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Wapo wanaosubiri mmea ulale ndipo wamwagilie, eti unajisemea wenyewe. Unasema kweli, lakini kila kulala kunaua mizizi midogo, na baadaye unalipa kwa majani ya njano na ncha zilizokauka. Mwagilia pale sentimita mbili au tatu za juu zinapokauka. Usifuate kalenda. Wiki ya Aprili mvua inapomwagika Kampala si sawa na wiki ya Januari.

Udongo ukiwa umelowa, chungu kizito, na mmea umelala vilevile, weka chini hilo jagi. Mizizi imekosa hewa na imeanza kuoza. Mizizi iliyooza hainyonyi maji, ndiyo maana mmea una kiu ukiwa katikati ya tope. Hapa ndipo mapenzi yanapoua: mwenye nyumba anaona majani yamelala, anaongeza maji, kesho yamelala zaidi, anaongeza tena na dua juu yake. Utoe mmea wote kwenye chungu. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ukiibana ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia, laini, ganda linavuka likabaki uzi katikati, na inanuka kama mtaro. Kata yote mibovu kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Kama imebaki michache, punguza na majani, kwa sababu mizizi michache haiwezi kulisha majani mengi. Panda kwenye udongo mpya, chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki tu, chenye matundu.

Na matundu hayana mjadala. Vyungu vya kauri vinavyong'aa vinavyouzwa madukani mjini, vingi havina tundu. Vinafaa kuwa vazi la nje. Acha mmea ndani ya chungu cha plastiki chenye matundu, ukikalishe ndani ya hicho cha kauri, na kila baada ya kumwagilia kiinue umwage maji yaliyotuama. Kosa linalofanana na hilo ni kupanda mmea pamoja na kavera yake, yaani mfuko wa plastiki. Ukinunua kando ya barabara, mche uko ndani ya kavera nyeusi. Chana, utoe. Nimeona mimea iliyokaa mwaka mzima sebuleni ikiwa bado imefungwa miguu.

Udongo nao huchangia. Udongo mweusi wa vitaluni ukiwa peke yake hushikamana ukawa tofali, na udongo mwekundu wa uani ni mbaya zaidi. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wenye mboji na sehemu moja ya vitu vinavyoacha nafasi ya hewa: mchanga mkubwa wa ziwani uliooshwa, vipande vidogo vya mkaa, makapi ya mpunga. Maganda ya kahawa yanafaa pia, ila yawe yameoza vizuri kwanza.

Kuna kulala kwa tatu: udongo uko sawa, lakini mchana mmea unainama na jioni unasimama. Hilo ni jua. Miongozo mingi ya intaneti imeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaoshauri dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua halifiki upande huo. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kwetu jua la Juni hupita upande wa kaskazini wa nyumba na la Desemba upande wa kusini, hivyo dirisha lililokuwa salama wakati wa Krismasi linaweza kukuunguzia majani mwezi wa sita. Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi mwaka mzima, na mmea hulivumilia ukiwa nyuma ya pazia jepesi. La magharibi ndilo adui, hasa kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Majani yaliyochomwa na jua yana mabaka meupe au ya kahawia yaliyokauka katikati ya jani, si kwenye ncha, na hayaponi. Sogeza chungu mita moja au mbili kutoka dirishani. Kama mchana unaweza kusoma gazeti pale bila kuwasha taa, na jua lenyewe halikugusi, mahali hapo panafaa.

Mmea uliofika leo juu ya boda boda, ukipigwa na upepo kutoka kitaluni mpaka Ntinda, utalala pia. Uache kivulini siku mbili tatu. Usiupe mbolea ya kuuliwaza.

Ncha za majani zimekuwa za kahawia

Angalia juu ya udongo. Kukiwa na ukoko mweupe kama chumvi, ni chumvi kweli, mabaki ya mbolea na madini ya maji. Peleka chungu bafuni au uani, pitisha maji taratibu kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Kisha pumzisha mbolea miezi miwili.

Pasipo ukoko, fikiria maji yenyewe. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, sehemu kubwa ya klorini itaruka. Floridi, madini mengine yanayoweza kuwemo kwenye maji, hairuki hata ukingoja wiki, na kuchemsha maji huizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kisoro na maeneo mengine ya volkano ambako visima vingine vina floridi nyingi, yale maji mnayochemsha kwa ajili ya kunywa msiyapeleke kwenye maua mkidhani mmeyasafisha. Dawa ya wote ni moja na ni ya bure: maji ya mvua ya paa la mabati. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha kinga kwenye jerikeni.

Hewa kavu nayo hukausha ncha. Kandokando ya Ziwa Victoria si tatizo kubwa, lakini Gulu au Moroto wakati wa kiangazi, upepo ukivuma wenye vumbi, litakuwa. Kunyunyiza maji kwa chupa hakusaidii kwa zaidi ya dakika chache. Afadhali kukusanya mimea kadhaa pamoja, au kuweka chungu juu ya sinia lenye kokoto na maji, kitako kisiguse maji. Na futa vumbi. Jani lililovikwa vumbi la marumu halipati mwanga wa kutosha. Kitambaa chenye maji kinatosha. Mafuta ya kupikia ya kung'arisha majani yanavutia vumbi zaidi, yaachie kikaango.

Kabale tatizo ni jingine. Mmea huu unapenda nyuzi 18 hadi 27, na chini ya 13 hivi unaanza kuumia. Usiku wa Juni na Julai huko unashuka kuliko hapo. Majani yaliyogusa kioo cha dirisha hugeuka meusi. Uondoe dirishani jioni.

Halitoi maua

Hapa maswali ya imani hurudi kwa kasi. "Tangu nilipolinunua halijachanua, labda nyumba ina jambo." Nyumba ina kivuli. Sifa ya kuvumilia giza imekuzwa mno. Gizani mmea utaishi, utakuwa na majani ya kijani kizito, na hautachanua. Usogeze kwenye mwanga usio wa jua kali, halafu uwe na subira ya miezi.

Sababu ya pili watu hawaambiwi. Wazalishaji wakubwa duniani hunyunyizia mimea hii homoni ya jibereliki ili ichanue yote kwa pamoja ikiwa bado midogo, ipendeze sokoni. Ule ulionunua ukiwa na maua saba huenda ulisukumwa. Baada ya hapo unaweza kukaa karibu mwaka ukikua kwanza, kisha uchanue kwa wakati wake, maua mawili au matatu. Haujakukasirikia.

Sababu ya tatu ni mbolea ya kuku. Nitrojeni nyingi huleta majani makubwa ya kupendeza na ua halionekani. Mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya uwiano sawa, nusu ya kipimo kilichoandikwa au hata robo, kila baada ya wiki sita hadi nane, inatosha kabisa.

Ua lilikuwa jeupe, limekuwa kijani

Hakuna ugonjwa. Kile cheupe ni jani lililobadilika ili kukinga maua halisi, ambayo ni yale madogo sana yaliyobandikana kwenye kijiti cha katikati. Kinakaa cheupe wiki kadhaa, kikizeeka kinarudia ujani. Aliyekuambia kwamba usafi umetoka nyumbani hajui botania. Kata kikonyo chini kabisa, karibu na kitako cha mmea, nguvu ziende kwenye ua lijalo. Lakini kama maua yanafunguka yakiwa kijani tangu mwanzo, punguza mbolea na mwanga kidogo.

Majani ya njano

Moja la chini, la zamani, ni uzee. Livute. Mengi kwa pamoja, rudi kwenye kidole na uzito wa chungu. Jani changa likiwa njano lakini mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni chuma kilichokosekana, au kipo na mizizi haikifikii kwa sababu ya tope. Na ukiona mizizi inatokeza kwenye matundu ya chini na maji unayomwaga yanapita mbio, mmea umebanwa. Hamishia chungu kilichozidi kwa sentimita tatu hadi tano tu. Chungu kikubwa kupita kiasi hushika maji yasiyonywewa na mtu.

Vumbi jeupe na wadudu

Unga mwepesi juu ya majani yaliyo chini ya ua ni chavua. Ufute. Ukiona mabonge kama pamba kwenye maungio ya majani na mikono inanata ukigusa, hao ni vidung'ata. Wapake spiriti kwa pamba, mmoja mmoja, kisha osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Rudia kila wiki mpaka waishe, kwa sababu mayai yanabaki. Utando mwembamba chini ya majani wakati wa kiangazi ni utitiri mwekundu, nao hauvumilii kuoshwa. Visubi vidogo vyeusi vinavyozunguka chungu vinakuambia jambo moja: unamwagilia mno.

Madoa meusi na mashina yanayooza kwenye kitako

Hapa sina habari njema. Kuna kuvu, Cylindrocladium, wanaoushambulia mmea huu hasa. Majani yana madoa ya kahawia iliyokolea, vikonyo vinaoza usawa wa udongo, ukivuta jani linakubali bila ubishi. Ukijaribu kuponya utaambukiza vyungu vingine. Tupa mmea na udongo wake, usiupeleke kwenye mboji, na osha chungu kwa dawa ya klorini. Najua ni vigumu kutupa mmea uliotoka kwenye mazishi ya mzazi. Kama una chipukizi zima lililowahi kugawanywa, tunza hilo.

Mtoto ametafuna, paka ametafuna

Ukumbuke udugu na magimbi. Utomvu una fuwele za oksaleti ya kalsiamu, zilezile zinazokuwasha koo ukila mayuni yasiyoiva. Mdomo utawaka, mate yatatoka, mtoto atalia. Msafishe mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na akivimba au kupumua kwa shida mwahishe kituo cha afya. Kwa paka hatari si ile ya mayungiyungi halisi, ambayo huua figo zake. Hata hivyo weka chungu juu.

Hewa haijabadilika

Wanaolinunua ili lisafishe hewa hunukuu utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa 1989. Ulifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa, si sebuleni Bweyogerere penye madirisha wazi na sigiri kwa jirani. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha kwamba ungehitaji kati ya mimea kumi na elfu moja kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi ya hewa inayopita dirishani. Fungua dirisha.

Mmea uliotoka msibani

Hii ndiyo mimea inayoletwa kwangu ikiwa hoi zaidi. Imesimama siku kadhaa kwenye tenti, imemwagiliwa na kila mwombolezaji aliyepita, kisha familia inaogopa kuigusa. Iguseni. Wenye busara huigawa mapema, kila mtoto wa marehemu aondoke na chungu chake, na hivyo ugonjwa ukipiga nyumba moja mmea haupotei wote.

Subiri mpaka upone kwanza na uwe na makundi ya majani yanayotokea pembeni. Mwanzo wa mvua, Machi au Septemba, ni wakati mzuri. Mwagilia jana yake. Toa mmea, tikisa udongo, tafuta mahali makundi yanapoachana kwenye kitako, vuta kwa mikono, na penye ubishi tumia kisu safi. Kila kundi liwe na majani matatu au manne na mizizi yake lenyewe. Panda kwa kina kilekile cha mwanzo, kwa sababu kitako kikizikwa kinaoza. Mwagilia mara moja, weka kivulini penye mwanga, na usitie mbolea miezi miwili. Majani yatalala siku za kwanza hata udongo ukiwa na unyevu. Mwambie na kaka yako aliyeondoka na cha kwake asiongeze maji.